TAHADHARI: Anauza sanamu za Star Wars na Marvel asizokuwa nazo, na anajua kukuzungusha mpaka muda wa kudai pesa yako uishe

Wakuu, kuna muuzaji anazunguka kwenye makundi ya wakusanyaji wa sanamu za kuchezea, hasa za Star Wars na Marvel Legends (mfululizo wa mashujaa wa Marvel), akidai anazo zile zilizokwisha madukani. Msimtumie pesa. Wapo waliomlipa tangu mwaka jana na hadi leo hawajaona hata boksi tupu.

Jina lake silitaji kwa sababu halitawasaidia. Akaunti ikishachafuka anaifuta na kuibuka na nyingine yenye picha nyingine. Mara ni kijana anayepunguza mkusanyiko wake, mara ni mjane anayeuza vitu vya marehemu. Asichobadilisha ni mwendo. Nimepitia mazungumzo ya watu kadhaa aliowaliza, yanafanana mpaka makosa ya tahajia, kwa hiyo nitaeleza huo mwendo.

Anaishi kwa uhaba wa madukani. Katoni ya Marvel Legends kwa kawaida hubeba sanamu 8, na mgawanyo wake mara nyingi hauko sawa: shujaa mkubwa wa filamu anaweza kujirudia ndani ya katoni hiyohiyo, wakati mhusika wa pembeni anayetafutwa na kila mtu amewekwa mmoja tu. Huyo mmoja hakai. Anabebwa siku katoni inapofunguliwa, na mara nyingi anayembeba ni mlanguzi aliyekuwa akimvizia mpanga bidhaa. Shujaa mkubwa anabaki pale miezi na miezi, boksi linachakaa pembe, na kwa kuwa rafu inaonekana imejaa, duka haliharakishi kuagiza katoni nyingine. Ndiyo maana unaweza kukuta ukuta mzima wa sanamu na usipate hata moja unayoitaka. Tena maboksi mengi ya mfululizo mmoja huja na viungo vya jitu la kuunganisha: huku mkono, kule kichwa. Ukimkosa yule wa pembeni, jitu lako linabaki na mguu mmoja, na mtu mwenye jitu la mguu mmoja nyumbani yuko tayari kuamini mengi.

Hapo ndipo bwana huyu anapoingia. Ukiandika tu kwamba unamtafuta fulani, muda si mrefu unapata ujumbe: "Ninaye, hajafunguliwa, nauza bei ya dukani." Hiyo bei ya dukani ndiyo chambo. Mlanguzi angekudai mara mbili au tatu na ungemtukana kimoyomoyo, lakini angalau kitu anacho. Mtu anayekuuzia kwa bei ya dukani kitu ambacho wenzake wanakigombania kwa bei ya kuruka, tena wewe usiyejuana naye, inabidi akutie shaka kabla hajakutia furaha.

Kisha zinakuja picha. Ni picha nzuri, zina mwanga, boksi limesimama juu ya meza ya mbao. Ukiitafuta picha hiyo mtandaoni kwa kuipakia, unaikuta kwenye tangazo la zamani la mtu mwingine kabisa. Siku hizi ameshtuka, anaikata pembeni na kuififisha rangi ili isipatikane kirahisi. Mwenzetu mmoja alimwomba apige upya, boksi likiwa limelazwa kifudifudi, na juu yake karatasi yenye jina la mwombaji na tarehe ya siku ile. Jibu lilichelewa sana. Picha ilipofika, boksi lilikuwa limesimama vilevile, kivuli chake kikiangukia kulia, na karatasi iliyo mbele yake haina kivuli kabisa. Alipoulizwa akasema kamera ya simu yake ina tatizo.

Mwingine akamtegea mtego, na huu mtaupenda. Hasbro, kampuni inayotengeneza sanamu hizi, wana mpango unaoitwa HasLab: sanamu kubwa inatangazwa kwanza, na inatengenezwa pale tu wachangiaji wakifika idadi iliyowekwa. Mwaka 2021 walitangaza Rancor, lile zimwi la Star Wars, katika mfululizo wao wa Black Series, idadi iliyohitajika ikiwa 9,000. Haikufika, mradi ukafa, na sanamu hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya kuuzwa. Basi jamaa akamwandikia muuzaji wetu kuuliza kama anaweza kumpatia Rancor wa HasLab. Jibu: "Wamebaki wawili, mmoja boksi limebonyea kidogo, huyo nitakupunguzia." Kwa hilo la boksi kubonyea nampa maksi zote. Nyie wengine chukueni mbinu hiyo: mwulizeni mtu kama huyu kitu kisichokuwepo, mwone kama kitapatikana.

Sasa tuje kwenye sehemu yenye madhara zaidi, ambayo wengi waliolizwa waliielewa wakiwa wamechelewa. Haki ya kudai ina muda. PayPal, huduma ya kulipia mtandaoni, wanakupa siku 180 kuanzia siku uliyolipa kufungua malalamiko kwamba mzigo haukufika. Hiyo ni karibu nusu mwaka, na kwenye mambo ya sanamu nusu mwaka hupita bila mtu kushtuka, maana oda za mapema hufunguliwa miezi mingi kabla bidhaa haijatoka, na tarehe kusogezwa ni kawaida hata kwa kampuni zenyewe. Huyu anaijua hesabu hiyo kuliko wateja wake. Anakuuzia "oda ya mapema", anataka malipo yote sasa hivi wala si arubuni, na anakutajia mwezi wa mbali. Mwezi ukifika, meli imechelewa. Unaofuata, mzigo uko forodhani. Halafu kiwanda kimekosea rangi ya kofia na yeye, kwa kukujali, anasubiri toleo lililorekebishwa. Kila ujumbe una pole ndani yake, una "ndugu yangu", una ahadi ya kukuongezea zawadi kwa usumbufu. Zikishapita zile siku 180 hajibu tena.

Mmoja wao alishtuka mapema akafungua malalamiko muda ukiwa bado upo. Muuzaji akampigia magoti: akaunti yangu imezuiwa kwa sababu yako, siwezi kukurudishia mpaka uyafunge. Akayafunga kwa huruma. Malalamiko ukiyafunga mwenyewe PayPal hawayafungui tena kwa muamala uleule, na pesa haikurudi. Kwa hiyo usifunge chochote kabla hujaiona pesa kwenye akaunti yako, hata akilia. Na ukishafungua, una siku 20 za kuyapandisha yawe dai rasmi. Zikipita yanajifunga yenyewe, naye atajitahidi kukuongelesha vizuri katika siku hizohizo.

Hayo yote ni kwa aliyelipa kwa njia ya kununua bidhaa. Kama alikuomba utume kwa njia ya "marafiki na familia" ili mkwepe makato, ulinzi huo hauna. Makato ni kisingizio. Anaomba hivyo ili usiwe na pa kushtakia. Ni yaleyale anapokukuta eBay, lile soko la mtandaoni, na kukushawishi mmalizane pembeni kwa bei nafuu kidogo: dhamana ya eBay inalinda manunuzi yaliyofanyika ndani ya eBay tu.

Nimeona watu wakimtetea kwamba kulipia sanamu ambayo bado haijatoka ni mila ya wakusanyaji tangu zamani. Ni kweli. Krismasi ya 1977 Kenner, kampuni ya kwanza kutengeneza sanamu za Star Wars, walikuwa bado hawajazitoa, wakauza bahasha ya kadibodi yenye cheti ndani. Mnunuzi akakituma kwa posta, na mwaka 1978 akapokea Luke, Leia, Chewbacca na R2-D2. Lakini Kenner walikuwa na anwani na kiwanda, na kila mtu alijua pa kuwapata. Huyu hata jina hadumu nalo mwaka mmoja.

Wanaombana sana hupewa namba ya kufuatilia mzigo. Namba inasoma, mzigo unasafiri, na mwisho inaandika kwamba umepokelewa. Umepokelewa kweli, mji huohuo wako, ila si mlangoni kwako: ametuma bahasha nyepesi kwa anwani nyingine ya eneo hilo ili rekodi imtetee. Ikikukuta, usibishane naye. Nenda kwa msafirishaji, omba uthibitisho wa maandishi wa uzito wa mzigo na kwamba anwani iliyoandikwa haikuwa yako. Bahasha ya gramu chache haiwezi kubeba sanamu ya inchi 6 pamoja na boksi lake, na kwenye dai karatasi hiyo ina uzito kuliko maelezo yako yote.

Wachache wamepokea kitu, na kwa mtazamo wangu hao wamepigwa vibaya zaidi kwa sababu walimsifia kabla hawajafungua. Mnakumbuka karibu mwaka 2022 Hasbro walipoondoa dirisha la plastiki kwenye maboksi, ukawa unanunua picha iliyochorwa badala ya kuiona sanamu yenyewe, kabla hawajatangaza mwaka 2023 kwamba dirisha linarudi? Maboksi ya kipindi kile ndiyo anayoyapenda. Anatoa sanamu, anaweka ya zamani ya bei rahisi yenye uzito unaokaribiana, anafunga. Mtu anaiweka rafuni bila kuifungua, anatoa sifa, na muda wa kulalamika unakwenda zake. Mchezo huu haukuanzia kwake. Wapo wanaonunua dukani, wakabadilisha kilichomo na kurudisha boksi wapewe pesa yao, na duka likalipanga tena rafuni. Kwa hiyo hata dukani, boksi lisilo na dirisha likague mkunjo wa chini: gundi ya kiwandani huwa imekaa sawasawa na haivuti nyuzi, karatasi iliyowahi kubanduliwa huacha tabaka la juu limechunika, na utepe uliobandikwa juu ya utepe unauona ukiinamisha boksi kwenye mwanga.

Feki nazo ninyi mnazijua: uso uliopakwa rangi ikavuka mpaka wa jicho, viungo vilivyolegea kiasi kwamba sanamu haisimami, harufu kali ya plastiki ukifungua. Kwa sanamu za Dragon Ball za Bandai, tafuta stika inayong'aa ya Toei, kampuni ya katuni hiyo, kwenye boksi, ingawa stika nayo siku hizi inaigwa.

Karibuni ameanza kutangaza sanamu za zamani za Kenner, na hapa pesa ni kubwa zaidi. Anayemtaja sana ni Jawa, kile kiumbe kifupi cha Star Wars, wa 1978 mwenye joho la vinaili (plastiki laini). Jawa huyo alitoka hivyo kwa muda mfupi, kisha akabadilishiwa joho la kitambaa, ndiyo sababu ana thamani. Na ndiyo sababu walaghai huchukua joho la vinaili la sanamu ya Obi-Wan, ambalo ni rahisi kupatikana, wakalikata liwe fupi. Tazama ukingo wa chini kama umekatwa kwa mkasi, kisha omba picha ya karibu ya nyuma ya miguu, pale palipochorwa mwaka na alama ya G.M.F.G.I., kifupi cha kampuni mama ya Kenner wakati ule. Kuhusu silaha ndogo zinazoshikwa na sanamu, wapo wanaozitumbukiza kwenye maji kwa imani kwamba orijino huelea na ya kuiga huzama. Ni dalili tu, usitoe pesa nyingi kwa kuitegemea hiyo. Na akikuletea Boba Fett (mwindaji wa Star Wars) wa kurusha roketi, usipoteze hata muda wa kumjibu: huyo hakuwahi kuuzwa madukani, sanamu za majaribio zilizobaki zinafahamika, na mwaka 2024 mmoja aliuzwa mnadani kwa dola 525,000. Hawi na mtu anayekuandikia usiku wa manane akitaka ulipe kabla ya saa nne asubuhi.

Kama umeshamlipa, hesabu siku zako leo, kuanzia siku ya malipo, si kuanzia tarehe aliyokuahidi. Ukiwa bado ndani ya muda, fungua malalamiko kabla hujamwandikia neno; ukimtishia kwanza unampa nafasi ya kufuta akaunti na mazungumzo yake. Piga picha za skrini za kila kitu, wasifu wake ukiwemo. Uliyelipa kwa kadi, wapigie benki, kwa kuwa kadi nazo zina utaratibu wake wa kurudisha malipo na muda wake si uleule wa PayPal. Mzigo ukija, washa kamera kabla hujaugusa: onyesha lebo ya posta, uzito ulioandikwa, pande zote za boksi, kisha ufungue bila kukatisha video. Boksi la nje usilitupe.

Ukipata ujumbe unaoanza na "Ninaye, hajafunguliwa, nauza bei ya dukani", bandika picha yake hapa, jina la akaunti likionekana. Namba za simu na anwani zifiche, kwa sababu baadhi anazotumia ni za watu aliowaibia utambulisho na tayari kuna mmoja anayesumbuliwa kwa deni lisilo lake.