Dawa ya Kufutia Bodi ya Gari Dodoma: Angalia Kipulizio Kabla ya Jina

Kila kiangazi malalamiko ya wasomaji wa hapa Dodoma hufanana: gari limepigwa waksi vizuri, halijamaliza hata mwezi, na boneti ikitazamwa juani inaonyesha mikwaruzo myembamba ya mviringo, kana kwamba imesuguliwa kwa waya wa sufuria. Wengi huilaumu waksi, ilhali kosa liko katika kufuta vumbi kwa kitambaa kikavu kila asubuhi. Vumbi letu, ambalo kwa sehemu kubwa limetokana na miamba ya graniti, lina chembe za kwatzi, madini magumu kuliko klia, lile tabaka la vanishi linaloilinda rangi na ambalo kwa kawaida unene wake haufiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita.

Kwa hiyo, anayetaka waksi idumu anahitaji dawa ya kufutia bodi yenye utelezi. Sitazungumzia harufu wala mng'aro. Hayo wauzaji wanayaimba vya kutosha. Mimi nakagua kipulizio, yaani kichwa cha chupa kinachobonyezwa. Dawa inayotoka kama ukungu hutua juu ya vumbi lote, ikalilowesha na kulifanya liteleze chini ya kitambaa. Inayotoka kama mshale huchora vijito kwenye vumbi na kutiririka hadi kwenye bampa, na kati ya kijito na kijito vumbi hubaki kavu. Hapo ndipo kitambaa kinapokwaruza. Isitoshe, matone makubwa yakianguka kwenye boneti yenye joto la saa saba mchana hukauka kabla hujayafikia na kuacha madoa, ndiyo maana kazi hii hufanywa kivulini, bodi ikiwa imepoa.

Chaguo langu la kwanza ni Ultimate Quik Detailer ya Meguiar's, na sifichi kwamba naipendelea kampuni hiyo. Ukungu wake ni mpana, utelezi wake unatosha kwa vumbi la siku moja au mbili, na huacha utando mwepesi unaoisaidia waksi iliyopo. Quik Detailer ya kawaida, ya kampuni hiyohiyo, inafaa vilevile kwa kufuta, ila utando wake haudumu.

Ya pili ni Optimum No Rinse, ambayo ingeshika nafasi ya kwanza lau ingekuja na kipulizio chake. Huuzwa ikiwa nzito, nawe unachanganya takriban mililita 60 kwa lita moja ya maji kwa ajili ya kufutia, au mililita 30 kwa ndoo ya lita saba na nusu kwa kuosha gari zima bila kulisuuza, jambo la maana sana siku ambazo bomba halitoi maji.

Waksi za kupulizia, mathalani za Turtle Wax, naziweka nafasi ya tatu kwa sababu kazi yake ni kuongeza kinga baada ya kuosha. Dawa za bei ndogo zenye silikoni, zinazouzwa pia kwa ajili ya dashibodi, huacha mafuta yanayonasa vumbi jipya, ziacheni.

Dawa yoyote utakayochagua, vumbi likiwa nene kiasi cha kuandikika kwa kidole, osha kwanza kwa maji na shampuu ya magari, kwa kuwa sabuni ya unga huondoa waksi. Kitambaa kiwe cha maikrofaiba, na lebo yake ya pembeni uikate.

Sasa kuhusu wauzaji wetu. Duka moja hapa mjini liliniuzia chupa ambayo kipulizio chake halisi kilikuwa kimeng'olewa na kuwekewa cha dawa ya vioo, na nilipouliza nikajibiwa kwamba vyote vinapuliza. Wengine hupanga chupa dirishani juani miezi mizima, kisha hupandisha bei kwa kisingizio cha usafiri kutoka Dar es Salaam, ilhali mzigo huo umekuja katika lori lilelile lililoleta vipuri vyao ambavyo bei yake haikuguswa. Omba kubonyeza mara moja kwenye kioo cha gari lako kabla ya kulipa. Muuzaji akikataa, kagua kama utepe wa kiwandani shingoni mwa chupa haujakatwa; ukiwa umekatwa, mrudishie chupa yake.