Speedy 30 kwenye joto la Dar: ibebe, kabati ndilo litakaloiharibu

Ninayoizungumzia ni Speedy 30, mkoba wa Louis Vuitton, ya Monogram (yaani yenye herufi LV na maua), ile ya kawaida isiyo na mkanda wa begani: urefu sentimita 30, kimo 21, upana 17. Naibeba siku tatu au nne kwa wiki, na hukumu yangu naitoa mapema. Kwa hewa ya pwani, mkoba wa kubebwa unadumu vizuri kuliko mkoba wa kufungiwa.

Wengi hudhani ni ngozi mwili mzima. Sivyo. Mwili ni turubai la pamba lililopakwa plastiki ya PVC, na hilo halihitaji kubembelezwa: vumbi la bajaji linatoka kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, basi. (Maua upande mmoja yamepinduka kichwa chini kwa sababu turubai ni kipande kimoja kinachopita chini ya mkoba hadi upande wa pili. Si dalili ya feki, msibishane na wauzaji kwa hilo.) Kazi yote iko kwenye ngozi ya mishikio, ya vipande vilivyo miisho ya zipu, na ya ukingo mwembamba ubavuni. Ngozi hii haijapakwa kinga yoyote. Inakunywa kila inachokutana nacho: maji, jasho, losheni, kitakasa mikono.

Ikiwa mpya ina rangi ya maziwa, kisha hugeuka ya asali kadiri inavyopata mwanga na mafuta ya mikono. Tone la mvua kwenye ngozi changa huacha alama inayoonekana toka mbali. Kwenye ngozi iliyokwisha kukolea halionekani sana. Kwa hiyo kabla ya kuanza kuitumia, iweke karibu na dirisha lenye mwanga, pasipo jua la moja kwa moja, kwa wiki mbili au tatu, ukiigeuza kila baada ya siku chache ili pande zikolee sawasawa. Jua kali litaikausha hadi ipasuke.

Ikilowa, gandamiza kitambaa kikavu cha pamba, usisugue, kisha iache kivulini penye feni. Usiikaushe kwa draya ya nywele. Na vile vitambaa vyenye maji vya kufutia watoto visiguse ngozi hii kabisa: vinaondoa rangi iliyokolea na kuacha michirizi iliyopauka, ambayo huwezi kuirudisha. Losheni ya mikono ndiyo adui wa kila siku. Ukijipaka, subiri ikauke ndipo ushike mkoba. Krimu ya kutunzia mikoba ya ngozi, isiyo na rangi, inatosha mara mbili kwa mwaka, tone dogo, na ujaribu kwanza upande wa chini wa kipande cha zipu kwa sababu inatia giza. Wanaopaka kila mwezi wanapata mishikio myeusi yenye kunata, halafu wanalaumu joto.

Ingawa joto nalo lina lake. Rangi iliyopakwa kwenye kingo za mishikio hulainika, hasa mkoba ukiachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani. Mshikio ukilalia turubai wakati huo unaacha alama. Ukihifadhi, tia karatasi nyeupe laini katikati. Gazeti hapana, wino wake unahamia.

Sasa kabati. Koga huanza ndani, kwenye bitana, ambako huoni. Usiuweke kwenye mfuko wa nailoni, kwani unafungia unyevu. Tumia mfuko wake wa kitambaa. Weka ndani vipakiti viwili au vitatu vya silika (punje zinazofyonza unyevu), ikiwezekana ya punje za rangi ya chungwa zinazogeuka kijani zikijaa maji, ili ujue siku ya kubadilisha. Ufungue zipu kila wiki upate hewa, na masika mara mbili kwa wiki. Koga ikishatokea, toa mkoba nje ya nyumba, geuza bitana, futa kwa kitambaa kikavu, acha upepo ufanye kazi mchana mzima. Spiriti kwenye ngozi ile ni doa juu ya doa.

Mzigo: chini inabonyea, na ikibonyea kona za ukingo ndizo zinazosugua meza na sakafu na kuchakaa kwanza. Kata plastiki ngumu ya milimita 3, takriban sentimita 28 kwa 15, kona uzikate mviringo, uivike kitambaa cha pamba, kisha uilaze ndani kwenye kitako cha mkoba. Fundi yeyote wa cherehani atashona kifuniko hicho. Kufuli ya shaba inayokuja na mkoba naiacha nyumbani. Ikining'inia inagonga na kukwaruza. Zipu ikikwama, pitisha mshumaa mweupe kwenye meno, futa mabaki, usilazimishe.

Nyota 4 kati ya 5. Hiyo moja nimeikata kwa sababu zipu inataka mikono miwili: mmoja ushike mkoba, mwingine uvute. Ukiwa na simu mkononi sokoni Kariakoo, utaishia kuuacha wazi, na mdomo wake mpana unaonyesha hadi chenji iliyo chini.