Karata za Taroti: Pima Kiganja Kabla ya Kulipa

Mimi si mpiga ramli. Taroti, zile karata 78 za kutabiria, nanunua kwa ajili ya michoro, ila karata nisiyoweza kuichanga kwangu si karata. Seti niliyoagiza mwezi uliopita (jina naliacha) ina mazimwi ya kupendeza, lakini ni kubwa kama bahasha. Kila nikichanga, nusu ya zile 78 ziko sakafuni. Kwenye tangazo zilipigwa picha mezani. Kwa nini wauzaji wanaogopa kuonyesha mkono?

Basi mimi seti nazipanga kwa jinsi zinavyokaa mkononi.

Ya kwanza ni seti ya Wildwood ya 2011, na sioni haya kusema nampendelea mchoraji wake, Will Worthington. Upagani wake haukubandikwa juu juu. Kwenye nafasi ya karata ya Kaizari amesimama Mtu wa Kijani wa misitu ya Uingereza. Wachezaji wa karata wa pwani mnajua kopa, uru, pao na shupaza: kwa Wareno waliotuachia majina hayo ni vikombe, dhahabu, marungu na panga, yaani zile aina nne za taroti. Hapa panga zimekuwa mishale, marungu yamekuwa pinde, dhahabu imekuwa mawe, na Malkia wa Mawe ni dubu! Na inachangika.

Ya pili ni Shadowscapes ya Stephanie Law, ya 2010. Ni rangi za maji, na vijitu vyenye mbawa vimejaa hadi pembeni. Andaa miwani.

Ya tatu inaniuma: DruidCraft ya 2004, ya Worthington huyohuyo. Turufu ya Shetani kapewa Cernunnos, mungu wa Waselti, watu wa kale wa Ulaya, mwenye pembe za paa, maana kwa wapagani wa leo pembe ni uhai wa porini, si jehanamu. Ningeiweka juu kabisa, lakini sentimita 9 kwa 14? Labda uwe na kiganja cha baharia.

Za bei nafuu: Rider-Waite ya 1909, michoro ya Pamela Colman Smith, inatosha kujifunzia. Zile za bei ya kutupa, zenye msimbo wa QR badala ya kitabu, mara nyingi ni za kughushi. Mchoraji haambulii kitu.

Nilimwomba yule muuzaji wangu anipimie kwa rula seti nyingine kabla sijalipa, maana usafiri pekee unazidi bei ya karata. Akanijibu kwa kopa moja nyekundu.