Kukabura kaniharibia filamu ya vita niliyoisubiri kwa hamu

Nimetoa nyota mbili. Zilikuwa nne mpaka karibu na katikati, na kuna muda usiku uleule nilitaka niweke sifuri ila mfumo haukubali. Jina la filamu silitaji, wala la huduma niliyolipia kuiangalia mtandaoni, walioiona wataijua tu kwa ninavyoieleza.

Ni vita ya Vietnam. Stori yote imejengwa juu ya sajenti mmoja ambaye kazi yake ni kuusikiliza msitu. Wenzake wana redio na ramani, yeye ana masikio. Wanachukua muda mrefu kututengeneza tuamini hivyo, na mimi niliamini, nikazima taa nikavaa na hedifoni kabisa. Ukafika usiku wa kuvizia. Wamelala kifudifudi kwenye matope, sajenti kanyanyua ngumi, kamera inasogea mpaka unaona jasho linateleza nyuma ya sikio lake, kimya, na mimi huku nimebana pumzi, mara juu ya mti linaangushwa cheko, ku-ku-ku-ka-ka-kaaa, refu, linapanda linashuka. Sajenti anasikiliza weee, anatikisa kichwa, anawanong'oneza wenzake: "Kuko shwari."

Shwari ya wapi jamani! Huyo ni kukabura! Ni ndege wa jamii ya mdiria, kwao ni mashariki ya Australia, na huko kwingine kama Tasmania na New Zealand alipelekwa na watu. Vietnam hayupo. Tena lile cheko lake ni la alfajiri na jioni zaidi, wanacheka familia nzima kuwaambia majirani kwamba eneo hili lina wenyewe. Sasa mtu anayeusoma msitu kwa masikio, akisikia ndege wa Australia anacheka usiku wa manane katikati ya Vietnam, si ndo angejua hapo kuna binadamu anaiga ndege na kuwatoa watu wake mbio? Yeye anasema shwari. Yaani kosa moja la watu wa sauti limemgeuza shujaa wao kuwa mtu asiyejua kazi yake, na filamu yote imesimama juu ya kazi hiyohiyo.

Najua cheko hilo limetumika tangu filamu za Tarzan za miaka ya 1930, ukionyeshwa msitu wowote duniani anacheka yeye. Najua pia mwewe wa mkia mwekundu wa Amerika ndo analizwa kwa niaba ya tai wa kila aina. Na filamu zinazoonyesha Uingereza ya wakati wa Vita ya Pili zina tetere wa kola anayelia juu ya paa, wakati tetere yule alianza kuzaliana Uingereza mwaka 1955, vita imeshaisha miaka 10. Hizo huwa zinaniudhi kidogo napita, maana hakuna mhusika anayeziegemea. Hapa mhusika ameziegemea kwa uhai wake na wa wenzake.

Na msitu ule haukuwa na upungufu wa sauti! Kuna nyenze wanaopiga kelele mpaka masikio yanauma, kuna giboni, aina ya sokwe wadogo, wanaoimba asubuhi, kuna tokei, yule mjusi mkubwa anayeita usiku kwa nguvu mpaka wanajeshi wa Marekani wakampa jina la matusi. Wangemweka tokei anaita, halafu ghafla ananyamaza. Basi. Ningekufa kwa hofu pale kwenye kiti.

Nikasema nivumilie. Kesho yake kwenye filamu, kamanda kaweka kidole kwenye ramani, wanatoka pwani kwenda magharibi, mpakani na Laos. Picha inayofuata wanatembea alfajiri na jua linachomoza mbele yao, linawapiga usoni. Kwa hiyo wanarudi baharini! The Green Berets ya 1968, nayo filamu ya Vietnam, ilishachekwa kwa hili, inaisha jua likizama baharini wakati pwani ile inatazama mashariki, na hawa miaka yote hii hawajajifunza.

Wala sisemi lazima wakapige picha palepale. Kwenye filamu ya Full Metal Jacket, vita ya Hue, mji wa Vietnam, ilipigwa picha kwenye kiwanda cha zamani cha gesi Beckton, London, mitende ikaletwa kutoka nje, na mimi naipenda mpaka leo kwa sababu walihangaika. Ninachokataa ni pale mazingira ndiyo vita yenyewe. Kule Ardennes, misitu ya Ubelgiji, Desemba 1944 Wajerumani waliisubiri hali mbaya ya hewa makusudi, ukungu na mawingu viliziweka ndege za Washirika chini, halafu filamu ya vita hiyo, Battle of the Bulge ya 1965, imepigwa Hispania na vifaru vinamalizia kwenye uwanda mkavu wa vumbi. Umeshaondoa sababu ya vita kuwa vile ilivyokuwa.

Nyota ya tatu ilikwenda na huduma kwa wateja. Nikawaandikia kwa adabu, sikuomba hela yangu, nikaeleza dakika ilipo na ndege ni yupi, wawafikishie wahusika. Mhudumu akajibu, "Ukitaka ndege tafuta dokumentari," akafunga mazungumzo. Wazee waliopigana kule wapo hai na masikio yao yanakumbuka, sasa huyu ananifungia chati kama vile nimeuliza upuuzi!

Ila nikisema ni filamu mbovu nitakuwa nadhulumu mtu. Kuna kipande cha ruba, baada ya mvua, kijana anavua buti anakuta soksi imelowa damu, anakunja suruali taratibu, ruba kavimba nyuma ya goti, anamdondoshea dawa ya mbu mpaka anaachia mwenyewe, na damu haikomi, inaendelea kutiririka vilevile inavyotakiwa. Aliyetengeneza kipande kile anaujua msitu. Kwa ajili yake nairudisha nyota, ziwe tatu. Hapana, nikikumbuka lile "kuko shwari" nashindwa, zibaki mbili.

Ambaye bado hajaiona aangalie mpaka hapo kwa ruba, na usiku wa kuvizia ukifika azime sauti asome maandishi.