Uhimilishaji wa ng'ombe Tabora: huduma nzuri, na wala si kloni

Mtaalamu wa uhimilishaji, yaani kupandikiza mbegu za dume bila dume kuwepo, niliyempigia simu asubuhi ng'ombe wangu alipoonyesha dalili za joto (kutaka dume), alifika kwangu Ipuli jioni ile ile akiwa na mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, ambamo mbegu huhifadhiwa katika nyuzi 196 chini ya sifuri. Aliyeyusha mrija mmoja wa mbegu katika maji ya uvuguvugu, akaupangusa, kisha akanionyesha jina la dume lililochapwa ubavuni kabla ya kumhimilisha ng'ombe. Kwa utulivu huo pekee ninampa alama za juu.

Jirani yangu, mfugaji wa siku nyingi, aliuliza kutoka upande wa pili wa uzio kama ndama atakuwa kopi ya dume. Hapana, mzee wangu, huyu atakuwa na baba na mama. Kloni, yaani nakala ya mnyama mmoja, ni kama kondoo Dolly, aliyezaliwa Uskoti mwaka 1996 kutokana na seli ya kiwele cha kondoo mwingine, na katika mayai 277 yaliyotengenezwa kwa njia hiyo alipatikana yeye peke yake. Kwa mifugo hasara hiyo inajadilika. Kwa binadamu siikubali, kwa kuwa mimba zinazoharibika zingekuwa ndani ya tumbo la mwanamke.

Dosari ya huduma ni kadi ya kumbukumbu, ambayo sikupewa mpaka nilipoidai. Bila kadi inayotaja dume aliyetumika, mbegu za dume lile lile zinaweza kurudi kwa binti zake bila mtu kujua. Nitamwita tena, ila kadi itatangulia malipo.