Siku ya boti na snokeli kwa mtu wa Arusha au Moshi: wapi ukodi, boti gani, na nini usilipie

Kwa barabara, bahari ya karibu na Moshi bila kuvuka mpaka ni ya Tanga, kama kilomita 350. Ukitokea Arusha, ongeza kama themanini. Gharama hiyo ndiyo ya kwanza katika siku ya boti na snokeli, yaani kuogelea juu ya maji kwa miwani na mrija, na ndiyo inayosahaulika pale picha ya yoti nyeupe inapotumwa kwenye grupu la WhatsApp na michango kuanza kukusanywa kabla hata ya kuuliza boti iko wapi.

Msimamo wangu nautoa mapema. Sisi wa huku juu tununue maji kwanza, boti baadaye. Nikisema maji namaanisha matumbawe yaliyo hai, saa sahihi ya kupwa na kujaa, na nahodha anayeijua bahari ile. Boti ya kifahari inayokushusha kwenye maji ya tope saa nane mchana imekuuzia viti tu. Mpangilio ulio hapa chini unamfikiria mtu mwenye siku mbili tatu, anayelipa kwa shilingi, na ambaye katika kundi lake hawakosi wasiojua kuogelea.

1. Maziwe, kutoka Pangani

Nimeipa namba moja, na siyo kwa sababu ni ya kifahari. Boti za huko ni mashua za mbao au faiba zenye injini, turubai la kivuli na ubao wa kukalia. Hutapata kochi wala choo cha ndani. Lakini unaikodi nzima, mnaondoka saa mnayotaka, na mnakwenda kuogelea kwenye eneo tengefu lililolindwa kisheria tangu 1975.

Maziwe ni fungu la mchanga lililozungukwa na miamba, kusini mashariki mwa Pangani mjini. Zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje, na kasa walikwenda kutaga kwa wingi. Miti iliisha mwanzoni mwa miaka ya 1980, na leo maji makubwa yakija fungu lote huzama. Mayai ya kasa wanaoendelea kutaga pale huhamishiwa ufukwe wa bara ili yasisombwe. Kwa mnunuzi maana yake ni moja: ukikosea saa, utafika ukute bahari tupu, hakuna pa kushuka wala pa kutandika mkeka.

Kwa hiyo chagua tarehe kwa kuangalia mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku moja mbili zinazofuata, huwa bamvua, yaani maji hupwa na kujaa kupita kawaida. Katika pwani yetu maji ya bamvua hupwa sana kati ya saa nne asubuhi na saa sita hivi. Fungu linatoka lote, jua liko juu, samaki wanaonekana. Ondokeni saa mbili, rudini kabla upepo wa alasiri haujachafua maji. Tatizo la bamvua ni kwamba mkondo una nguvu, hivyo asiyejua kuogelea asitoke mbali na mashua. Maji mafu, zile siku za nusu mwezi, mkondo wake ni mpole, ila asubuhi yenyewe huwa ya maji kujaa na fungu hubaki dogo. Mwambie nahodha mna watoto wangapi na wasioogelea wangapi, kisha mwache yeye apange tarehe. Nahodha anayekujibu "siku yoyote tu, bosi" si wa kumtumia advansi.

Kingine ni mto. Maji ya Mto Pangani ni yetu wenyewe: Kikuletwa na Ruvu hukutana Nyumba ya Mungu, halafu safari inaendelea hadi baharini. Masika yakishika Kilimanjaro na Meru, tope linafika mdomoni mwa mto na kuifanya bahari iwe ya kahawia. Aprili na Mei usikodi, hata ukipewa nusu bei. Miezi mizuri ni kuanzia Oktoba hadi katikati ya Machi. Kati ya Juni na Agosti upepo wa kusi huvuma na mawimbi huinuka, ingawa asubuhi tulivu hupatikana.

Desemba ina faida ya pekee kwa watu wa Moshi. Wakati mabasi yanapanda yamejaa wanaokuja kuhesabiwa nyumbani kwa Krismasi, ya kushuka yana nafasi. Wengine watakushangaa kwa kuondoka Marangu tarehe 20, lakini bahari siku hizo ni nzuri, na unaweza kuwahi kurudi kabla ya mbuzi.

Njia ni Same, Mombo, Korogwe, Segera, Muheza, kisha Tanga, na kutoka Tanga hadi Pangani ni kama kilomita 50. Ufukwe wa Ushongo, wenye malazi mengi ya karibu na boti, uko ng'ambo ya mto, kwa hiyo ulizia njia ya kuvuka mapema usije ukafika usiku. Laleni Pangani au Ushongo usiku wa kuamkia siku ya boti. Wanaopanga kutoka Arusha alfajiri ili wapande boti siku hiyo hiyo hawajakaa na ramani.

Maziwe hakuna kivuli, duka wala choo. Bebeni miamvuli, maji ya kunywa, na chakula kilichopikwa. Ada ya kuingia hulipwa kwa Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, na ya raia iko chini ya ya mgeni, kwa hiyo kila mtu abebe kitambulisho.

2. Jahazi la kukodi peke yenu, Fumba, Unguja

Kwa familia yenye bibi, watoto wadogo na mtu mmoja anayeogopa maji, hii inaizidi Maziwe. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya nauli tu. Ndege za Zanzibar zipo kutoka Kisongo na KIA, safari ya saa moja hadi moja na nusu. Zile ndogo hukuruhusu kilo 15 za mzigo, kwa hiyo mapezi ya kuogelea na friji ya barafu viache nyumbani.

Fumba iko kusini magharibi mwa Unguja, kwenye Ghuba ya Menai, eneo la hifadhi tangu 1997. Ghuba imekingwa na visiwa, maji yametulia, na siku hugawanyika vizuri: snokeli asubuhi, mafungu ya mchanga, chakula Kisiwa cha Kwale, kisha tanga linapandishwa mnarudi kwa upepo. Matumbawe yake si bora kuliko yote Unguja, lakini anayevaa miwani kwa mara ya kwanza ataona pono, viti vya pweza (wale wa umbo la nyota) na samaki wa rangi za kutosha kupigia kelele ndani ya mrija.

Safari nyingi za pale huuzwa kwa kichwa, na mnachanganywa na wageni wengine. Ukitaka jahazi la kwenu peke yenu, litajwe hivyo kwenye ujumbe wa maandishi. Flaikacha wa Arusha unawajua. Unguja wapo papasi, na kazi ni ile ile. Anayekuuzia mtaani Mji Mkongwe mara nyingi si mwenye boti, ni mtu wa kati anayemtafuta mwenye boti baada ya wewe kulipa.

3. Chumbe

Chumbe, kisiwa kidogo karibu na Unguja, haikodishwi kama boti binafsi. Unanunua siku nzima kwenye kisiwa kwa bei yao, na idadi ya wageni ina kikomo. Ipo kwenye orodha hii kwa sababu ukiwa na lengo moja tu, yaani kuona matumbawe, ndipo pa kwenda. Mwamba wa upande wa magharibi umefungwa kwa uvuvi tangu 1994, hata kuzamia kwa mitungi hakuruhusiwi, na unaogelea ukiwa na mwongozaji. Kwa watu wawili wanaotaka kusherehekea kitu bila kundi, huenda hesabu ikaangukia chini ya kukodi boti nzima.

4. Shimoni na Kisite, kupitia Holili

Watu wa Moshi huisahau kwa sababu kuna mpaka wa Kenya. Lakini Holili iko pale pale, Taveta hadi Voi ni lami, na Mombasa ni kama kilomita 300 kutoka Moshi. Shimoni iko kusini zaidi, ng'ambo ya Likoni. Hifadhi ya Kisite-Mpunguti ina maji maangavu, pomboo wa mara kwa mara, na chakula cha Wasini ni sababu tosha ya safari. Inashuka hadi namba nne kwa ajili ya hati ya kusafiria, kadi ya homa ya manjano na karatasi za gari. Kwa wikiendi ya kawaida ni nyingi mno. Kwa siku nne inavutia.

5. Yoti au katamarani, kaskazini mwa Unguja

Sasa ile picha ya kwenye grupu. Kendwa na Nungwi kuna boti za matanga za kukodi kwa siku, na upande huo una uzuri wake: maji hayakimbii mbali yakipwa, tofauti na ufukwe wa mashariki ambako boti hukwama hadi maji yarudi.

Ukikodi kwa ajili ya snokeli, chukua katamarani, usichukue yoti ya bodi moja. Yoti ina mkuku mrefu chini, haiwezi kusogea karibu na mwamba, kwa hiyo inatia nanga mbali na nyinyi mnahamishwa kwa kiboti. Pia huinamia upande mmoja upepo ukishika, na mtu wa Ngaramtoni ambaye hajawahi kupanda hata mtumbwi atatapika ugali wa jana. Katamarani ina mabodi mawili, haiyumbi sana, inafika maji mafupi, na ngazi yake ya nyuma inashuka hadi majini.

Wengi hupelekwa Mnemba. Kisiwa chenyewe ni cha hoteli na hamtashuka. Mnaogelea kwenye mwamba unaokizunguka, na kuanzia saa tatu boti huwa nyingi. Mwenye boti akikuahidi kukimbiza pomboo, mwambie hapana. Kwa harusi, kuagwa kwa mstaafu au kikundi cha kuweka akiba kilichogawana faida, lipeni, na furahini. Kwa snokeli peke yake ni pesa nyingi kwa samaki wale wale.

Mbudya, Bongoyo na Mafia

Visiwa vya Mbudya na Bongoyo nendeni mkiwa tayari Dar kwa shughuli nyingine. Kushuka kutoka Arusha kwa ajili yake tu, hapana. Mafia ni jambo jingine kabisa: kati ya Oktoba na Februari hivi papa potwe husogea karibu na Kilindoni, na kuogelea kando ya samaki mkubwa kuliko wote duniani hakuwekwi kwenye mizani moja na safari ya siku. Ipe wiki yake.

Kabla ya kutuma advansi

Swali la kwanza: bei ni ya boti au ya kichwa? Kisha mafuta, ada ya hifadhi, chakula, miwani na mrija, kila kimoja kipo ndani au nje? Tuseme boti ni laki nne na mko wanane, ni elfu hamsini kila mmoja. Ada, chakula na vifaa vikiwa nje, elfu hamsini hiyo inaweza kukaribia mara mbili na ugomvi ukazuka ufukweni.

Uliza cheti cha chombo, ambacho Tanzania Bara husimamiwa na TASAC, shirika la serikali la usafiri wa majini. Majaketi okozi yawepo ya kila mtu, na ya watoto yawe ya saizi yao. Uliza kuhusu ngazi ya kupandia, maana kumvuta mtu mzima kutoka majini hadi kwenye mashua ni kazi ya wanaume watatu na aibu ya mmoja. Kuwe na njia ya pili ya kurudi injini ikizima, iwe tanga au mashine ya akiba. Mkubaliane kwa maandishi kwamba upepo ukikataa, tarehe inasogezwa bila kulipa tena. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa angalizo la upepo mkali na mawimbi, na angalizo likitoka nahodha mwaminifu haondoki. Tuma nusu kwa simu, hakikisha jina linalotokea ni la mliyezungumza naye, nusu nyingine baada ya kurudi nchi kavu.

Miwani jaribu hivi: iweke usoni bila kufunga mkanda, vuta hewa puani. Ikishika bila kuanguka, inakutosha. Wenye masharubu mazito maji yatapenya. Shati la mikono mirefu la kuogelea linafaa kuliko krimu, kwa sababu mgongo ndio unaoungua.

Na mazoezi mnayo nyumbani. Nendeni Chemka asubuhi ya siku ya kazi, kabla ya umati, mvae miwani na mrija kwenye maji yale maangavu mpaka kila mtu azoee kupumua kwa mdomo bila hofu. Anayeelea Chemka ataelea zaidi baharini, kwa sababu chumvi inabeba.

Dawa ya kichefuchefu cha safari inamezwa kabla ya kupanda, siyo mkianza kutapika. Na kama kuna atakayeshawishiwa kuzamia kwa mitungi badala ya snokeli, ajue Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya bahari: asubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege au kupandisha milima kurudi nyumbani. Wa snokeli wanaweza kuondoka jioni ile ile.