Asilimia tano iliyoharibu mbao za mwalimu

Nimetoa nyota moja. Kwa siku mbili nilitaka nirudi niongeze zifike tatu, maana programu hii imenilisha, lakini kila nikiikumbuka ile simu narudi palepale.

Mimi ni mchora ramani za nyumba hapa Mbeya na programu hii ya kuchorea naitumia mwaka wa nne sasa. Sifa zake mtazisoma kwao wenyewe. Mimi naongelea kitu kimoja tu, kile cha kutoa kurasa zote kwa mpigo zikawa PDF moja.

Nyumba ni ya mwalimu mstaafu, iko Uyole, paa la kuficha kama watu wanavyopenda siku hizi. Kwa mvua za huku, ukimjengea mtu paa la kuficha, gata ndiyo kila kitu. Maji yote ya bati yanashukia nyuma ya ukuta, na gata ikikosewa dari inalowa msimu wa kwanza tu. Kwa hiyo nilikaa nayo. Niliichora kwa skeli ya 1:5, yaani milimita moja ya karatasi ni tano za saiti, mkato mzima: ukuta, vipande vya mbao vya kukalia gata, bati lilivyokunjwa, mteremko, na tundu la kutolea maji yakizidi. Michoro ya kina ilifika kurasa 16, zote A3. Nikatia tiki pale pa kuunganisha, nikabonyeza, nikaenda kunywa chai.

Niliporudi nilifurahi, siwezi kudanganya. Faili moja, kurasa zimefuatana, mistari minene na myembamba kila mmoja na unene wake, na ukikuza ile gata unaona mpaka kichwa cha skrubu. Zamani nilikuwa napeleka mafaili 16 kwenye flashi, steshenari ya Kabwe, na kila safari kuna ukurasa mmoja unasahaulika. Siku ile nilipeleka moja, nikachapa, nikapeleka saiti.

Hazikupita siku nyingi, asubuhi moja ya baridi kali, fundi wa kenchi akanipigia.

"Injinia, gata haikai."

"Haikai kivipi, fundi?"

"Haiingii. Njoo uone mwenyewe."

Kutoka Mafiati mpaka Uyole na ile foleni ya malori, hata bodaboda ilichoka. Nikakuta gata imelazwa chini, imekunjwa Mwanjelwa kwa upana wa milimita 300 kama nilivyoagiza. Nafasi ya kuiweka ilikuwa 285. Nikapima mara ya pili, 285. Fundi hakubishana na mimi. Alitoa tu karatasi yangu mfukoni, imejaa alama za vidole vya saruji, akailaza juu ya tofali, akaweka rula penye vile vipande vya kukalia gata. Milimita 57. Zidisha mara 5. Mkono wake haukukosea hata kidogo. Kwenye kompyuta yangu pale pamechorwa 60.

Najua mtakachosema. Chini ya kila ukurasa nimeandika "usipime kwenye mchoro, fuata namba", na urefu wa vile vipande namba yake niliisahau. Hilo ni langu na nimelilipia. Lakini mtu akiandikiwa skeli 1:5 na ana rula mkononi, apime wapi?

Kwanza nilidhani ni printa ya steshenari, nikawa njiani kwenda kumgombeza yule kijana bure. Bahati nikafungua faili kwanza, nikapima humo humo ndani. Ule mstari wa skeli ninaouweka pembeni, ambao lazima uwe milimita 100, ulikuwa 95. Usiku ule nikarudia mpaka macho yakauma. Ukurasa mmoja peke yake: 100. Zote kwa pamoja: 95. Ukitia ile tiki, programu inarudi yenyewe kwenye mpangilio wa kutosheleza mchoro ndani ya pambizo. Inabana kila kitu kidogo, na haisemi. Hakuna onyo. Maandishi "SKELI 1:5" yanabaki chini ya mchoro, sasa ni uongo.

PDF yenyewe siilaumu. Ilitolewa mwaka 1993 kwa ajili ya jambo hilihili, ukurasa ufike kwa mwenzako kama ulivyotoka kwako, na tangu 2008 ni kiwango cha kimataifa. Ndani ya faili kila ukurasa una vipimo vyake, pointi 72 kwa inchi moja, hakuna kukisia. Ilibeba kwa uaminifu kile ilichopewa.

Nikampigia wakala aliyeniuzia leseni. Nilimweleza taratibu kabisa, nikamtumia na picha ya rula juu ya karatasi. Akanijibu: "Kaka, asilimia tano ni kitu gani? Fundi wa huko Mbeya ataijua hiyo tofauti?"

Nilinyamaza kwa muda. Fundi wa huku Mbeya ndiye aliyeijua! Kwa rula ya plastiki, amesimama kwenye tope. Wao wenye kutengeneza na kuuza ndio hawakuijua. Nikamwuliza kama atapeleka taarifa kwa watengenezaji, akasema nichape upya na "mambo madogo haya" nisiyakuze. Mbao ikizidi urefu unaikata. Hii ilipungua, na vipande vilikuwa 14, mbili kwa sita, paini ya Mafinga iliyotiwa dawa. Mwalimu alivinunua kwa pensheni yake. Nilipokwenda kumweleza, nikampa shikamoo, akaitikia, akavitazama vile vipande muda mrefu, akasema, "Mwanangu, si ulisema kompyuta haikosei?" Nilikuwa nimesema hivyo kweli, nikiwa nyumbani kwake, nakula viazi vyake.

Mbao mpya nimenunua mimi. Sasa natoa ukurasa mmoja mmoja, naziunganisha kwa programu nyingine ya bure, na kabla ya kutuma napima ule mstari kwenye kila ukurasa. Karibu saa nzima inakwenda, kwa kazi ambayo nililipia ifanyike kwa kubonyeza mara moja.

Na bado nasema, kwa kuchora sijaona inayoishinda. Mkato ule wa gata, ukiutoa peke yake, ni mzuri kiasi kwamba fundi ameomba nakala aiweke. Leseni yangu inakaribia kuisha, na jana mchana nilikuwa nimeshaamua kulipia tena, na hizi nyota nizirekebishe. Jioni nikapita Uyole. Vile vipande 14 bado vimepangwa pembeni ya simtanki, mwalimu amevifunika turubai visilowe, labda vitapata kazi nyingine.

Moja. Ibaki moja.